Mwangalizi Asiyeegemea Upande, Ila Kidogo

Jumatatu, 3 Novemba

Kuanzia leo mimi ni mtu asiye na upande. Nimeandikishwa rasmi. Chuo kinatafuta waangalizi wa maandamano: wanafunzi watakaosimama katikati, wasishangilie, wasizomee, waone tu, kisha wakiulizwa waseme walichoona. Unapewa mafunzo na kizibao cha rangi ya machungwa. Mkuu wa waangalizi anapewa pia redio ya mkononi, ile ya kubonyeza na kusema.

Redio hiyo lazima niipate mimi.

Sababu yangu ya pili naiandika hapa tu. Chuo kimefunga bweni la wasichana, eti linakarabatiwa, na mpaka leo hakuna aliyeona hata fundi mmoja na mwiko. Wasichana wa Pate na Kizingitini hawana pa kulala. Wakisafiri asubuhi kutoka kwao, mashua inangoja maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda, wenye maji haba, na geti la chuo linafungwa saa mbili kamili. Mitihani ya mwisho inaanza Jumatatu ijayo. Atakayekuta geti limefungwa, hana mtihani. Basi Swafiya, binti wa mama mdogo wa Kizingitini, amehamia kwetu na rafiki zake wawili. Mama amewapa chumba changu. Mimi nalala dakani, pale mlangoni, pamoja na paka wa mtaa mzima.

Swafiya ndiye kiongozi wa mgomo unaopangwa. Akishinda, bweni linafunguliwa, nami narudi kitandani mwangu. Lakini nasisitiza: sina upande.

Jumanne, 4 Novemba

Mafunzo. Mkufunzi wetu ni Bi Hayat, mwalimu mstaafu, mwembamba, sauti ya chini. Akinyamaza, darasa zima linakaa wima. Ametupa kanuni. Usipokee maji kwa upande wowote. Usitikise kichwa. Usiseme unachodhani, sema ulichoona. Na msalimie pande zote mbili kwa urefu uleule. Hii ya mwisho imenitia wasiwasi. Hapa Amu, mji wa Lamu, mtu akianza kukuuliza hali ya nyumbani, mpaka amalize wajomba na mbuzi, maandamano yameshakwisha.

Jioni ametupeleka uwanjani kutujaribu. Timu ya mtaa wa Mkomani inacheza na ya Langoni. Kazi yetu: kuangalia mpira bila kuonyesha chochote usoni. Mimi ni mtoto wa Mkomani. Nikajiumauma midomo kipindi kizima cha kwanza. Kipindi cha pili Mkomani wakafunga bao, shuti la mbali, kipa wa Langoni akabaki anatazama kama aliyesahau kitu nyumbani. Sijui nilifikaje hewani. Nilipotua nilikuwa nimemkumbatia mzee nisiyemjua.

Valary hakutikisika. Huyu ni mwenzetu wa mwaka wa pili, kwao ni Kakamega, anasomea uhasibu. Alikaa tu anatazama, hata aliporushiwa maganda ya karanga. Nikamwambia Bi Hayat kwamba Valary si haki kumpima kwa mechi hii, kwani Langoni kwake ni nini na Mkomani kwake ni nini.

Bi Hayat akanijibu taratibu kwamba aliyefunga bao ni mwanawe wa kumzaa.

Nikamtazama upya. Nilikuwa nimekaa kando yake. Hakupepesa. Hakutabasamu hata kwa pembe ya mdomo. Mwanawe wa mwisho, bao la maisha yake, na mamake ametulia vile! Nimerudi nyumbani polepole, nikimfikiria njia nzima. Mwili umenisisimka na mpaka sasa haujatulia.

Jumatano, 5 Novemba

Mgomo umeanza. Nilitarajia mabango na kelele. Hakuna. Asubuhi wanafunzi wamekuja kimya kimya, wakaketi mlangoni pa ofisi ya mkuu wa chuo, juu ya reli ya lile geti la chuma la kukunja, hata geti lisiweze kuvutwa. Mlango wa kioo uko nyuma yao, na nyuma ya kioo yuko Bwana Abdulkadir, mkuu wa chuo, amejifungia. Hatoki kuzungumza. Wao hawainuki mpaka atoke.

Swafiya ameketi katikati kabisa, kioo mgongoni. Nyumbani ni mtu wa kuacha vibanio vya nywele kwenye shuka zangu na kubishana nami kuhusu ndoo ya kuogea. Leo sikumjua. Bwana Hashim, naibu wa mkuu, akaja kuwafokea. Swafiya akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa adabu kwamba wao hawana haraka, mashua imewafundisha kungoja. Bwana Hashim akabaki na kidole juu, hana la kukitumia.

Nimeona fahari mpaka kifua kikanijaa. Sikuionyesha. Nilifikiria vitu vya huzuni.

Mkakati wangu ulikuwa kusimama mahali Bi Hayat atakaponiona, uso mkavu, ili anipe redio. Nzi akanitua puani. Nikamwacha. Akatembea mpaka jichoni, nikamwacha. Nilikuwa nachuruzika machozi, lakini sikuinua mkono. Nilipoweza kuona tena, redio ilikuwa mkononi mwa Valary. Bi Hayat alikuwa ametazama upande mwingine muda wote ule wa nzi.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimepata wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kupata. Pia leo yametokea mambo. Nayaandika kwa mpangilio.

Adhuhuri Bwana Hashim amenikuta kwenye mfereji nikitawadha. Akalalamika kwamba angalau wangeinuka kidogo tu, geti lingevutwa, likafungwa kufuli, mgomo ungekuwa umekwisha. Akasema kwa upole kwamba mwenye wazo zuri atakumbukwa, na kwamba yeye ana sauti katika kuchagua nani awe mkuu wa waangalizi.

Nikafikiri hivi. Mgomo ukiisha mapema, watakaa kikao mapema. Wakikaa kikao mapema, bweni litafunguliwa mapema. Kitanda mapema. Na redio. Wote tunafaidika! Baadaye nikatoka kwenye mstari wa waangalizi, nikamfuata palepale mferejini, nikamnong'oneza sikioni: Bwana, leo ni kuamkia Ijumaa. Someni maulidi. Kikifika kisimamo cha kumsalia Mtume, nani atabaki amekaa?

Sikuegemea upande. Nilitoa wazo, na wazo halina upande.

Baada ya alasiri Bwana Hashim akaja na chetezo na mrashi, akaketi mkekani, akasema tusome maulidi tuondoe uzito vifuani. Nani angekataa? Swafiya mwenyewe alikunja ncha ya buibui lake kupisha chetezo. Famau, askari wa chuo, akajibanza kando ya geti la kukunja, kufuli mkononi.

Bwana Hashim ana sauti nzuri, hilo nikiri. Alianza peke yake. Wanafunzi wakamwitikia kwa uzito, kisha wakaitikia kwa moyo. Ubani ukapanda. Wapishi wakatoka jikoni. Wahadhiri wakashuka ghorofani mmoja mmoja.

Kisimamo kikafika. Wote wakainuka kwa pamoja, kama walivyoinuka tangu utotoni, wakasogea hatua moja mbele, reli ikabaki wazi. Na mara mlango wa kioo ukafunguka, akatoka Bwana Abdulkadir. Siku mbili tulikuwa hatujamwona. Hakuvaa hata viatu. Akaja akasimama miongoni mwa waliomgomea, hatua chache kutoka kwa Swafiya, akainamisha kichwa kama wao. Nikasikia sauti za watu waliokuwa wakikasirikiana asubuhi zimekuwa sauti moja, hata hukujua hii ya nani. Mtu akatunyunyizia marashi. Subhanallah. Nilisahau redio. Nilisahau kitanda. Nikafumba macho, nikalia, na siandiki hivi kwa aibu.

Kisha kioo kikavunjika.

Tulipofumbua macho, kidirisha kimoja cha mlango kilikuwa chini vipande vipande. Geti la chuma lilikuwa limevutwa na kufungwa kufuli. Mkuu wa chuo yuko nje, pekupeku. Ufunguo wa kufuli uko ndani, juu ya meza yake. Famau akasema naye alikuwa kwenye kisimamo na hakuona kitu. Bwana Hashim akatazama huku na huku, akamwona Swafiya ndiye aliye karibu zaidi na mlango, akasema ni yeye, amekipiga kwa kiwiko alipoinuka.

Jioni limebandikwa tangazo. Anayeharibu mali ya chuo hafanyi mtihani. Jina la Swafiya liko peke yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Swafiya hakula. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, vitabu vimefungwa. Miaka mitatu amesoma ualimu wa chekechea. Mama mdogo ameuza mbuzi wake wote, na shule ya kwao Kizingitini inamngoja. Yote yamekwama kwenye kioo cha kidirisha kimoja. Mama amemwambia asilie, mato yatavimba, na yeye mama ndiye aliyekuwa analia.

Nilitaka kumwambia kwamba wazo lilikuwa langu. Nikaona si wakati wake.

Tumaini ni waangalizi. Bi Hayat ametuita mmoja mmoja. Ole wetu! Siku nzima tulifunzwa kutopepesa, na dakika ile moja iliyotakiwa tulikuwa tumeinamisha vichwa, sote. Hakuna aliyeona. Bi Hayat mwenyewe alikuwa ameupa mlango mgongo, kwa sababu kazi yake ni kutuangalia sisi.

Isipokuwa Valary. Valary si Mwislamu. Alisimama kwa heshima kama wote, lakini macho yake yalikuwa wazi.

Nikamfuata baada ya swala ya Ijumaa, na mahamri ya moto yaliyofungwa kwenye kitambaa. Hakuyapokea. Akaniambia ameona kila kitu. Famau alipovuta geti, kiwiko chake ndicho kilichogonga kioo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akaongeza, bila hasira, kwamba aliniona pia mimi nikimnong'oneza Bwana Hashim mferejini.

Nikamweleza kwamba hilo la mferejini linachosha wasikilizaji. Aseme la kiwiko tu. Akanijibu, "Taufiq, mimi nitasema venye niliona, kutoka mwanzo." Nikamwambia mtu anaweza kuanzia katikati, hata hadithi nzuri huanzia katikati. Akanitazama kwa huruma. Mahamri nimekula mwenyewe, yote, nimekaa juu ya ukuta wa bahari.

Usiku huu sina budi kutafuta njia. Na njia ipo. Nikisimama mimi kwanza na kusema nilikiona kiwiko cha Famau, Valary hatahitajika. Swafiya ataokoka, na la mferejini litabaki mferejini. Sijakiona kiwiko, lakini kiwiko kilikuwepo kweli. Ni kama nimekiona kwa macho ya mwenzangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Kikao. Ukumbi umejaa. Bwana Abdulkadir katikati ya meza, Bwana Hashim kuliani, Bi Hayat pembeni. Swafiya amesimama peke yake mbele ya wote, mikono ameifumbata.

Nilisimama kabla sijaitwa. Nikasema nilimwona Famau. Nilieleza vizuri sana, naweza kusema. Nikaeleza kiwiko, uchungu wa Famau kilipogonga kioo, jasho lake, mpaka neno alilolitamka. Watu walikuwa wananisikiliza. Swafiya akainua kichwa na kunitazama kwa matumaini, na mimi nikaongeza kidogo kwa ajili yake.

Bi Hayat akauliza Famau alivuta geti kwa mkono upi.

Nikasema wa kulia.

Famau akainua mkono wake wa kulia. Umefungwa bendeji tangu wiki iliyopita. Uliumwa na punda.

Bi Hayat akauliza macho yangu yalikuwa wapi wakati ule. Nikasema yalikuwa kwenye geti. Akasema, kwa sauti ileile ya chini, kwamba yeye alikuwa ananitazama, nilikuwa nimeyafumba, na machozi yalinifika kidevuni. Hakunikaripia. Alisema tu alichoona. Afadhali angenikaripia.

Bwana Hashim akarukia hapohapo. Kumbe mwangalizi ni ndugu wa mshtakiwa, kumbe ni mwongo, kumbe ukoo mzima umekaa chini ukapanga. Akasema sasa hapana shaka msichana ana hatia, ndiyo maana ndugu yake amelazimika kutunga. Bwana Abdulkadir akashusha pumzi, akachukua kalamu. Nilitaka ardhi inimeze, na ningeisaidia kuchimba.

Hapo akasimama Valary.

Alianzia mferejini. Alisema nilitoka kwenye mstari, nilimnong'oneza Bwana Hashim, Bwana Hashim alitabasamu na kunigusa bega. Alisema Famau alingoja kando ya geti akiwa na kufuli kabla maulidi hayajaanza. Alisema Famau alivuta kwa mkono wa kushoto, na kiwiko cha mkono uleule kikarudi nyuma kikagonga kioo. Alisema Swafiya alikuwa ameupa mlango mgongo na mikono yake ilikuwa kifuani. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba kwa muda mfupi yeye mwenyewe aligeuka kutazama chetezo, kwa kuwa harufu ilikuwa nzuri, na kwa hiyo hawezi kusema Famau alifunga kufuli kabla ya kioo kuvunjika au baada.

Kwa neno hilo la chetezo, wote walimwamini. Hata mimi niliyekuwa naangamia nilimwamini, na nikamstahi kupita kiasi. Msichana wa watu, mgeni, mbele ya mkuu na naibu wake, hana wa kumlinda, na hakumpunguzia mtu wala hakumwongezea. Hata nafsi yake hakuisamehe. Sikujua binadamu anaweza kuwa mnyoofu hivyo na bado akapumua.

Famau akalia na kukiri. Akasema aliamriwa, na anaogopa kufutwa kazi. Bwana Abdulkadir akasema hatafutwa. Bwana Hashim akaangalia viatu vyake mpaka kikao kikaisha.

Uamuzi: jina la Swafiya limetolewa kwenye tangazo, atafanya mtihani. Bweni litafunguliwa muhula ujao, na mafundi waonekane. Hadi wakati huo, wanaokuja kwa mashua siku za mtihani watafunguliwa geti hadi saa tatu. Wasichana walishangilia, waangalizi hawakushangilia. Kizibao changu Bi Hayat alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja vizuri, akanishukuru kwa muda nilioutoa.

Jumapili, 9 Novemba

Mama hasemi nami. Anasema na paka, kwa sauti, kuhusu watu wanaomuuza binti wa mama yao mdogo kwa ajili ya redio. Paka wanamkubalia.

Nilimwomba Swafiya radhi. Nilieleza mpangilio wa mawazo yangu, kikao mapema, bweni mapema. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyomsikiliza Bwana Hashim. Akafungua kitabu chake. Kesho naye ana mtihani, mimi pia nina wangu wa hesabu za biashara. Nimesoma kidogo. Mawazo yalikuwa mengi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka jua limeshanikalia usoni. Nyumba kimya. Wasichana walikwisha ondoka, na kwa vile mimi nalala mlangoni, kutoka kwao kulikuwa ni kunivuka mmoja mmoja, watatu. Nilikimbia nikiwa na kalamu mdomoni. Geti limefungwa. Famau akanionyesha saa yake kupitia nondo, kwa mkono ule wenye bendeji.

Sikukata tamaa. Wa mashua wanafunguliwa hadi saa tatu! Nikakimbia gatini. Mashua ya Kizingitini ndiyo inafunga. Nikaingia majini mpaka magotini, suruali ikalowa vizuri, nikampokea mama mmoja kapu lake la kamba, nikajichanganya na wanafunzi wawili wa Pate na kutembea nao kwa uchovu wa safari. Nilijisikia nimetoka mbali kweli.

Pale getini, kizibao cha machungwa. Valary.

Hakusema mimi ni mwongo. Alimwambia Famau tu alichoona: kwamba huyu alikuja akikimbia kutoka upande wa Mkomani, akakataliwa, akashuka gatini, akarudi amelowa. Geti likafunguliwa kwa wawili wa Pate. Likafungwa.

Mchana Swafiya amerudi. Uso unang'aa, mtihani ulikuwa mwepesi, amejibu yote. Nikamuuliza, kwa Mungu, ameninyanyulia mguu na kunivuka na hakuniamsha? Akasema aliniona nimelala. Saa ilikuwa imekwenda, hilo pia aliliona. Lakini asubuhi hii, akasema, yeye alikuwa mwangalizi tu, na mwangalizi haingilii.

Uso mkavu kabisa. Hakupepesa. Nikabaki nimemtazama, nimejaa mshangao na heshima. Nyumba hii ina vipaji.

Nimeulizia mtihani wa marudio. Upo, lakini ni kwa aliyekuwa mgonjwa, na lazima awepo shahidi anayeaminika. Basi kesho naanza kuchechemea. Nitapita mbele ya Valary makusudi, mara kadhaa, maana yeye akisema ameona, chuo kizima kinaamini. Nimechagua mguu wa kushoto.